Tusiandike Dawa kwa Mazoea
(Mazungumzo na wanafunzi wa udaktari walio katika mafunzo kwa vitendo, Ndundu)



Hapa Ndundu watu walivuka Rufiji kwa kivuko mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwaka huohuo wilaya ya Rufiji, wakati ule ikiwa pamoja na Kibiti, ilianza kujaribiwa matibabu ya malaria kwa SP pamoja na atesuneti. Klorokwini ilikwisha kuachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vimeizoea, na SP nayo ilikuwa ikielekea hukohuko. Mwishoni mwa 2006 nchi ikaingiza dawa mseto, ALu. Aliyesoma kwa kukariri majina ya dawa alibaki na daftari lililopitwa na wakati.

Wataalamu waliokutana Nairobi mwaka 1985 walisema mgonjwa apate dawa inayolingana na ugonjwa wake, kwa kipimo kinachomfaa, kwa muda wa kutosha, na kwa gharama ndogo kwake na kwa jamii. Darasani mnayajibu hayo vizuri. Tatizo ni mama anayelala dunguni kulinda mpunga. ALu ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na huko shamba hakuna saa ya ukutani. Muulizeni: leo utalala wapi? Mtoto atakula nini? Dawa hii yataka chakula chenye mafuta, na wali wa nazi tunao. Siku ya pili homa ikishuka, vidonge vilivyobaki huwekewa mdogo wake. Basi mama aeleze mwenyewe atakavyompa mtoto dawa, nanyi msikilize. Sisi alama tunazitoa hapo, si kwenye mwandiko wa cheti.

Tena, si kila homa ni malaria. Kipimo cha haraka kikionyesha hakuna vimelea, msitoe ALu ili mama aridhike. Mtoto akikohoa, hesabuni pumzi dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikia 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikia 40, fikirini nimonia. Hiyo hutibiwa kwa amoksilini. ALu haiigusi, na siku 3 za kungoja zaweza kumwua.

Kesho tunaanza zahanati saa 2 asubuhi. Kila mmoja aje na saa yenye mshale wa sekunde.