SIMU ISIWE KUNGWI WA WATOTO WETU

Mada iliyotolewa kwa waumini wa Mkunya, Newala, baada ya swala ya Alasiri

  

 

Nimeombwa nizungumzie vijana na simu. Bila shaka wengi mmekuja mkitarajia niilaani simu, kisha tutawanyike. Sitafanya hivyo. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Siku moja niliitwa kwenye msiba. Mzee mmoja amefariki, na ameacha watoto wa kiume wanne, watu wazima, wote wanaswali. Yule aliyezoeleka kuosha maiti katika mtaa ule alikuwa mgonjwa kitandani. Nilipoingia uani niliwakuta vijana wale wamemzunguka baba yao, na mmoja ameshika simu akitafuta namna ya kuosha maiti. Simu ilimwonyesha chumba chenye vigae na mpira wa maji, na mtu anayezungumza lugha ya kigeni. Wao wana ndoo mbili za maji na kitanda cha kamba. Kijana akaniinulia macho, akaniuliza: "Sheikh, tunaanzia wapi?"

Nilimjibu, na tukamwosha mzee wetu pamoja. Lakini swali lile sikuweza kulisahau. Miaka mingi nimekaa mbele ya vijana hawa nikitoa darsa. Nilikuwa nikiwafundisha nini? Nimezungumzia maulidi mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nimezungumzia talqini na khitma, nikajibu hoja za fulani na fulani. Mambo hayo yana mahali pake, na siyafuti. Lakini hata siku moja sikuweka ndoo ya maji mbele yao nikawaonyesha namna ya kumwosha mzazi aliyefariki. Nilichagua masomo niliyoyapenda mimi. Waliyoyahitaji wao nikaiachia simu.

TULIVUNJA KIBANDA, HATUKUJENGA NYUMBA

Ndugu zangu, sisi watu wa uwanda huu wa Makonde tunajua maana ya kungwi. Mtoto alikuwa akipelekwa jandoni, binti akiwekwa unyagoni, na hapo watu wazima waliochaguliwa walimweleza mambo ambayo baba na mama waliona haya kuyatamka: usafi, kubaleghe, ndoa, adabu kwa wakwe, heshima kwa wazee. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za matusi na mambo yanayokwenda kinyume na sheria, na sisi tunaohimiza kurudi kwenye Qur'ani na Sunna tulisimama tukayakemea. Tulikuwa na haki ya kuyakemea.

Lakini tujiulize kwa uadilifu: baada ya kuyakemea, tuliweka nini mahali pake? Mtoto bado anabaleghe. Binti bado anaona hedhi yake ya kwanza na kuogopa. Maswali hayakukoma kwa sababu sisi tulivunja kibanda cha jando. Yalihama tu, yakaenda kwenye simu.

Tazameni miaka. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube mwaka 2005 na WhatsApp mwaka 2009. Kijana aliyezaliwa mwaka ilipoanzishwa WhatsApp leo amekwisha baleghe, na kalamu inamwandikia. Hakuikuta mitandao ukubwani kama sisi; amelelewa nayo. Anapokuwa na swali la siri, huuliza simu usiku chini ya shuka, kwa kuwa simu haimcheki wala haitampeleka kwa baba yake.

Tatizo ni kwamba simu haina uchungu na mtoto huyo. Mitandao hii imetengenezwa ili mtazamaji asiondoke, hivyo humletea zaidi kile alichokitazama kwa muda mrefu, kiwe cha kheri au cha shari. Anaanza kwa kuuliza josho la janaba, swali la dini kabisa, na baada ya video chache anajikuta mbele ya uchafu asioutafuta.

Wapo wanaosema dawa ni kuwanyang'anya simu. Australia imekataza watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, kuanzia tarehe 10 Desemba 2025. Mzazi anayo haki ya kumwekea mwanawe mpaka, na ni wajibu wake. Lakini ukimnyang'anya simu, swali linabaki kifuani mwake. Atalipeleka kwa nani?

MTUME (S.A.W.) ALIFUNDISHA NAMNA YA KUFANYA

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja aliingia msikitini akaswali, kisha akamsalimia Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia arejee akaswali, kwani hajaswali. Ikawa hivyo mara tatu. Mwishowe yule mtu akaapa kuwa hajui vizuri zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume akamfundisha hatua kwa hatua: takbira, kisomo, kurukuu hadi atulie, kuinuka hadi asimame sawasawa, kusujudu hadi atulie. Mafunzo yale yamedumu mpaka leo, na asili yake ni mtu mmoja aliyekiri kuwa hajui.

Alipofariki binti yake, Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Ummu Atiyya (r.a.) na wenzake waoshe kwa idadi ya witiri, tatu au tano au zaidi wakiona haja, kwa maji na mkunazi, watie kafuri mwishoni, na waanzie upande wa kulia na viungo vya udhu. Baadhi ya washirikina walimkejeli Salman al-Farisi (r.a.) kwamba Mtume wao anawafundisha kila kitu, hata kwenda haja. Salman hakuona haya. Alikubali, kisha akawatajia mafunzo yenyewe.

TUCHAGUE VIPI MASOMO?

Napendekeza mizani nne kwa walimu wa madrasa, kwa wanaotoa darsa, na kwa vijana wanaorekodi mawaidha na kuyarusha mitandaoni.

Kwanza, somo litokane na swali lililoulizwa kweli. Tuweke kisanduku msikitini, upande wa wanaume na upande wa wanawake, mtu aandike swali bila jina. Tutashangaa tutakayoyakuta humo.

Pili, liwe jambo dogo na mahsusi. "Namna ya kuwa Mwislamu bora" ni kichwa kizuri, lakini hakuna awezaye kukimaliza. "Namna ya kuoga janaba kwa ndoo moja ya maji" ni somo. Sisi tunaijua shida ya maji ya uwanda huu; wazee wetu wameteremka mabondeni wakarudi na mitungi kichwani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa vibaba vinne hadi vitano. Mwalimu wa mjini mwenye bomba hataona haja ya kulifundisha hili.

Tatu, lihusu maisha ya hapa. Kijana wetu ameuza korosho zake kwa stakabadhi ghalani, fedha zimeingia benki, naye anamwogopa Mola wake. Anauliza simu habari ya zaka, anajibiwa ngano, tende na ngamia. Nani atamweleza habari ya korosho? Wanachuoni wamekhitilafiana: Imamu Abu Hanifa aliwajibisha zaka katika kila kinachooteshwa na ardhi kwa kilimo, sehemu moja ya kumi kwa kinachonyeshewa na mvua, Imamu Shafi ameihusisha na mazao yanayoliwa kama chakula kikuu na kuhifadhika. Kwa kauli hii ya pili, korosho yenyewe haina zaka ya mazao, bali fedha zake zikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka, hutolewa asilimia mbili na nusu. Basi masheikh wa Newala na Masasi wakae, walipime jambo hili, wawape wakulima somo moja lililo wazi kabla msimu haujafika.

Nne, afundishe aliyelifanya kwa mikono yake, naye ajue mpaka wake. Mkulima wa hapa anajua kuwa salfa hupulizwa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Aliyeisoma tu anaweza kukupotezea mfuko mzima. Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakasema hawaioni. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali, akaeleza kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, ni wangapi miongoni mwetu tulisambaza maelezo ya tiba ambayo hatukujua yametoka kwa nani? Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Kubonyeza kitufe cha kusambaza ni kunena. Penye ugonjwa tuseme: nenda kwa daktari. Penye dawa ya mikorosho tuseme: muulize bwana shamba.

HITIMISHO

Akina baba, kaeni na vijana wenu. Akina mama, binti akikuuliza usimfokee. Ukimfokea leo, kesho hatauliza tena. Vijana, mnaojua kurekodi, warekodini wazee wenye ujuzi, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde, dakika chache kwa jambo moja. Lakini msirekodi maiti wala uchi wa mtu. Kitambaa na mti vinatosha kwa kufundishia.

Nami natimiza deni langu. Jumamosi ijayo baada ya Alasiri nitakuwa hapa na ndoo mbili za maji, mkunazi, kafuri na sanda. Kwa upande wa akina mama, mmoja wa waoshaji wetu amekubali kufundisha. Wale vijana wanne wamesema watakuja. Njooni na watoto wenu waliobaleghe, kwani kila mmoja wetu ataoshwa siku moja, na ni kheri tuoshwe na watoto wetu wakijua wanachokifanya.

Allah (s.w.) atujaalie elimu yenye manufaa na atuepushe na isiyo na manufaa. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.