Kizuri Nacho Hujitembeza

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nenda Sabasaba, pale viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, uone kazi ilivyo. Mabanda makubwa yanagawa kofia, kalamu na kalenda. Watu wanapanga foleni, wanapokea, wanaondoka. Waulize kesho yake nani aliyewapa, wengi hawakumbuki.

Sisi Wapemba tunayo zawadi isiyosahaulika. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hili. Hata hivyo, mnunuzi wa ng'ambo anazijua karafuu za Zanzibar. Jina la Pemba halijamfikia.

Basi akina mama mnaotengeneza sabuni za karafuu, msishindane na makampuni kwa kofia. Mche mmoja wa sabuni ukateni vipande vidogo. Kila kipande kifungeni kwa karatasi yenye jina la kikundi, jina la Pemba, bei na namba ya simu. Msimgawie kila apitaye. Mpeni aliyesimama akauliza. Akinawa mikono nyumbani kwake, harufu itamkumbusha na karatasi itamwelekeza.

Lakini mzigo wa kuuza nao uwepo. Mteja akirudi kesho yake akakuta meza tupu, atakwenda kununua kwa jirani, na zawadi yenu itakuwa imemtangazia biashara mwingine.