Siku ya Faragha Huko Amani

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya ushuhuda, yaani kusimulia mbele ya wenzetu jinsi tulivyoishika imani, na jinsi tulivyoteleza njiani.

Desturi hii si ngeni kwetu. Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na 1940 uliwazoeza watu wengi wa Afrika ya Mashariki kusimama na kuungama waziwazi. Ni desturi njema, walakini ina hatari yake, nasi tuliiona hatari hiyo siku moja huko Amani.

Tulipanda kutoka Muheza asubuhi, watu wa kanisa letu, wake kwa waume, tukapita mashamba ya chai na iliki mpaka kituo cha uchunguzi wa mimea ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Tukakaa kivulini. Saa nzima hakuna aliyesema neno. Kila mtu aliyakumbuka maisha yake. Kisha tukaanza kusimulia.

Kijana mmoja alitangulia. Akaeleza ulevi wake, ugomvi wake, na usiku aliolala mtaroni, hata watu wakatikisa vichwa kwa mshangao. Baada yake ikawa zamu ya mzee mmoja, mkulima. Akasema, "Wanangu, mimi sina hadithi. Sikulewa wala sikuiba." Tukanyamaza. Baadaye akaongeza, "Lakini mwanangu alipokufa, niliacha kusali mwaka mzima. Kanisani nilikwenda, midomo ilisema, moyo haukuwamo. Jirani yangu aliyajua hayo, wala hakunihubiri. Alikuja na jembe lake akanilimia shamba, siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Siku ya nne nikatoka, tukalima pamoja. Jioni ile nilisali."

Sisi tulikuwa na karatasi mfukoni, tumeandika usiku maneno mazuri ya kusoma. Hatukuisoma. Naye yule kijana, wakati wa kula, alimwendea mzee akamwambia kwa sauti ndogo, "Babu, ule mtaro niliuongeza." Mzee hakumcheka. Alimmegea muhogo wake akasema, "Basi utusimulie tena alasiri, bila mtaro." Akafanya hivyo. Habari yake ikawa fupi, nasi tukamsadiki.

Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo sasa ni Algeria, akawa askofu, aliandika kitabu kizima cha maungamo yake. Humo alieleza kwa urefu jinsi yeye na vijana wenzake walivyoiba mapeasi, matunda kama yale ya Lushoto, wala hawakuwa na njaa. Mtu angesema kwamba ni jambo dogo. Lakini Agostino hakulipita kwa kuwa ni dogo. Alitafuta ndani yake sababu ya kuiba kitu asichokihitaji.

Basi, mkitaka kufanya siku kama hii kijijini kwenu, shikeni mambo matatu. Kwanza, anzeni kwa ukimya, ili kila mtu ajisikie mwenyewe kabla ya kusikiwa na wengine. Pili, kila mtu aseme yake, asiungame dhambi za jirani yake. Tatu, yaliyosemwa kivulini yabaki kivulini, maana neno likifika kisimani halirudi tena. Haya ya leo tumeyasimulia kwa ruhusa ya wale wawili, pasipo kuwataja majina.

Na wewe usiye na hadithi kubwa, usione haya. Labda yuko mtu katika mkutano wenu aliyeacha kusali, naye angoja kusikia habari ya jirani na jembe.