Dirisha la fomu limepotelea wapi?

Uko kwenye chumba cha kompyuta hapo kambini, unajaza fomu ya masomo na leo ndiyo siku ya mwisho. Laptopu imeunganishwa na skrini ya nje, ambayo imekuwa nyeusi. Chini unaona fomu imefunguka, lakini dirisha lake hulioni. Usizime! Utapoteza ulichoandika. Dirisha limo kwenye ile skrini ya pili. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua la kwanza, yaani skrini ya kompyuta peke yake. Litarudi. Picha ikiganda, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itazimika kidogo, usishtuke. Tuma fomu kwanza. Waya utaukagua baadaye.