TULIMLILIA MENGI, KALAMU YAKE TUKAIACHA

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Kahama. Tumeyafupisha kidogo tu ili yaenee ukurasa.



Niliombwa kuzungumza juu ya ajira. Mtanisamehe, nitazungumza juu ya marehemu.

Tarehe 2 Mei 2019, redio zilipotangaza kwamba Reginald Mengi amefariki dunia huko Dubai, nilikuwa Katoro, nimekaa kwenye gogo karibu na karasha, nasubiri zamu ya kusaga mawe yetu. Kijana aliyekuwa akilisha mashine aliizima. Hakuna aliyemwamuru. Watu wenye vumbi mpaka kwenye kope wakasimama kimya, na mmoja akafuta machozi akasingizia vumbi. Hebu jiulize: nani kati yetu aliwahi kumpa mkono Mengi? Hakuna! Tulimjua kwa taarifa ya habari ya ITV saa mbili usiku, tena kwenye kibanda cha kulipia kiingilio. Yeye mtu wa Machame, tajiri wa Dar es Salaam. Sisi watoto wa Usukumani. Lakini tulimlilia kama baba mdogo.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu huku kwetu tumezoea matajiri wa aina mbili. Yupo anayeshuka na ndege, kitalu chake kimezungushiwa seng'enge, na wazee wa Bulyanhulu hawajasahau walivyoondolewa mwaka 1996. Na yupo mwenzetu aliyeangukia jiwe jana: leo ananunulia baa nzima bia, kesho kutwa anakopa nauli ya kurudi kwao. Mengi hakuwa yule wala huyu. Alikulia kwenye nyumba ya udongo, wakilala humo na mifugo. Akasomea uhasibu Uingereza, akarudi akaongoza kampuni kubwa ya wakaguzi wa mahesabu. Miaka ya 80, maduka yakiwa makavu kiasi kwamba hata kalamu ya kuandikia ilikuwa adimu, akaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Kalamu, jamani! Ndipo yakafuata sabuni, soda, maji ya chupa, magazeti, na mwaka 1994 televisheni.

Asije mtu akasema natengeneza malaika. Tajiri mwenye magazeti ni wa kuangaliwa kwa jicho la pili, awe mzawa awe mgeni. Mwaka 2009 alipowaita waandishi na kuwataja watu watano aliowaita mafisadi papa, vijiweni tulipiga makofi, majibizano yakawaka nchi nzima. Lakini mwenye televisheni yake ni rahisi kuwa jasiri kuliko mwenye baiskeli. Hata hivyo alithubutu. Na alipobishana hadharani na wizara mwaka 2013 juu ya vitalu vya gesi, akidai wazawa nao wapewe nafasi, alikuwa akisema yale ambayo mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ameyasema siku zote bila kamera.

Lakini leo sikuja kwa ajili ya vitalu. Nimekuja kwa ajili ya mahesabu.

Duara letu tulikuwa watu sita. Mwenye leseni na chake, mwenye shamba na chake, mfadhili aliyetoa magogo, chakula na pampu na chake, kinachobaki tunagawana mifuko ya mawe. Yote kwa mdomo. Siku ukingo ulipobomoka, mwenzetu mmoja hakutoka. Mkewe alikuja siku ya arobaini kuulizia mgao wa marehemu. Mfadhili akasema marehemu ana deni la chakula. Deni kiasi gani? Hakuna aliyejua. Mifuko yake mingapi? Mimi nasema 11, mwingine anasema 7. Yule mama aliondoka na kitenge na nauli. Nilikuwepo. Sikuwa na karatasi ya kuonyesha, na kusema kweli sikupaza sauti, maana nami nilikuwa na deni kwa mtu yule yule.

Mtaniuliza: mbona hata Mengi, mhasibu mzima, wosia wake ulifika mahakamani na Mahakama Kuu ikaubatilisha mwaka 2021? Ni kweli. Karatasi haizuii ugomvi. Lakini jaji alikuwa na karatasi ya kusoma. Sisi jaji wetu angesoma nini?

Marehemu alijitahidi kutufikia. Aliendesha shindano la mawazo ya biashara kwenye mtandao wa Twitter, washindi wakapewa fedha za mtaji. Mwaka 2018 akatoa kitabu cha maisha yake. Kitabu ni cha Kiingereza, na hapo namlaumu kidogo, maana karashani Kiingereza chetu kinaishia kwenye majina ya mashine. Lakini ile habari ya kalamu haihitaji Kiingereza.

Visingizio navyo vimepungua. Mwaka 2019, miezi michache kabla ya msiba, wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, na Machi soko la dhahabu la Geita likafunguliwa. Mwenye haki apewe haki yake, hata kama aliyefanya si wa upande wetu. Sokoni unapimiwa, unaandikiwa, unaondoka na risiti. Yule jamaa wa kichochoroni mwenye mzani wa mfukoni anakupa noti na tabasamu, basi. Siku ukitaka mkopo utampelekea meneja wa benki tabasamu?

Nimekuja na madaftari kumi na mawili. Najua hayatoshi, mtapokezana. Ukurasa wa kwanza andikeni majina ya wote walio kwenye duara, na mbele ya kila jina, mtu wa kupewa mgao wake ikiwa hatatoka. Mimi mbele ya jina langu nimetaja wawili: mke wangu, na yule mama, mpaka itimie ile mifuko 11. Kumi na moja, si saba.