Pointi au Kalori: Hesabu Mbili za Sahani Moja

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo uliwalenga wafanyabiashara, lakini kwa zaidi ya miaka 100 sasa wataalamu wa lishe wa nchi za Magharibi wamekuwa wakiwaambia jambo hilo hilo watu wanaotaka kupunguza uzito: anayekula bila kuweka hesabu hajui alichokula. Ubishi uliopo ni juu ya daftari lenyewe. Je, mtu ahesabu kalori, yaani kiasi cha nishati kilichomo katika kila chakula, au ajiunge na mipango ya makampuni ambayo humpa kila mlaji idadi maalumu ya pointi za kutumia kwa siku?

Swali hili linawagusa pia wasemaji wa Kiswahili walioko ughaibuni. Wengi wao, wawe London, Muscat au Minneapolis, huambiwa na daktari kwamba sukari au shinikizo la damu limepanda na kwamba uzito lazima upungue. Ushauri huo mara nyingi huambatana na orodha za vyakula ambavyo havipikwi nyumbani kwao. Ndiyo maana inafaa kujua hesabu hizi mbili zilitoka wapi, zinafanyaje kazi, na kipi kati yake kinaweza kusimama mbele ya sinia la pilau.

Hesabu ya kalori ndiyo kongwe. Katika miaka ya 1890, mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimboni Connecticut, walijenga chumba kidogo kilichofungwa pande zote. Ndani yake mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi, huku joto linalotoka mwilini mwake likipimwa. Kutokana na utafiti wa aina hiyo zilipatikana tarakimu ambazo mpaka leo ndizo msingi wa maandishi yaliyo kwenye pakiti za vyakula: gramu 1 ya protini au ya wanga hutoa takriban kalori 4, na gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Mwaka 1918 daktari mwanamke wa California, Lulu Hunt Peters, alichapisha kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuhesabu kalori ili wapungue, nacho kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana nchini Marekani katika miaka iliyofuata.

Hesabu ya pointi ilianzia kwingine kabisa. Mwaka 1961 mama wa nyumbani wa mtaa wa Queens, mjini New York, aitwaye Jean Nidetch, mwenye uzito wa kilo 97, alichoka kufuata masharti ya kliniki ya mji akiwa peke yake. Akawaita marafiki zake nyumbani, nao wakawa wanakutana kila wiki na kuelezana bila kuficha walikula nini na walishindwa wapi. Yeye mwenyewe alipungua kiasi cha kilo 32, na mwaka 1963 mikutano hiyo ikageuka kampuni iliyoitwa Weight Watchers. Wakati huo pointi hazikuwapo. Kulikuwa na orodha ya vyakula vilivyoruhusiwa na vilivyokatazwa, mizani, na kikao cha kila wiki. Pointi zilikuja katika miaka ya 1990, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Kanuni ya kwanza iliyotumika Marekani haikuwa na muujiza wowote. Kalori za chakula ziligawanywa kwa 50. Kisha gramu za mafuta zikagawanywa kwa 12 na kuongezwa. Halafu gramu za nyuzinyuzi, zisizozidi 4, zikagawanywa kwa 5 na kupunguzwa. Kwa mfano, maharage yaliyochemshwa yenye kalori 200 yalihesabiwa kuwa pointi 3 na sehemu kidogo, kwa sababu hayana mafuta mengi na yamejaa nyuzinyuzi. Kaimati zenye kalori hizo hizo 200, zilizokaangwa na kubeba gramu 10 za mafuta, zilikaribia pointi 5. Kwa hiyo pointi si kitu tofauti na kalori. Ni kalori zilizovalishwa hukumu: anayekula maharage anapewa punguzo, na anayekula kaimati anatozwa zaidi.

Hapo ndipo nguvu ya mfumo huo ilipo, na hapo hapo ndipo udhaifu wake. Kalori ni kipimo kisichopendelea, lakini hakioni mbali. Kwake soda yenye kalori 150 ni sawa na bakuli la kunde lenye kalori 150, ingawa mnywaji wa soda atasikia njaa mapema kuliko mla kunde. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, walionyesha kuwa watu 20 walioruhusiwa kula kadiri watakavyo walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku walipopewa vyakula vilivyosindikwa mno viwandani, wakilinganishwa na siku walizopewa vyakula vya kawaida. Hesabu ya kalori peke yake haimwonyi mtu juu ya mtego huo. Pointi hujaribu kumwonya.

Lakini hukumu hubadilika kadiri hakimu anavyobadilika. Mwaka 2010 kampuni iliiacha kanuni ya zamani na kuanza kuhesabu protini, wanga, mafuta na nyuzinyuzi, huku matunda mengi yakiwa hayana pointi hata moja. Mwaka 2015 ikabadili tena, sukari na mafuta yanayoganda yakatozwa zaidi. Mwaka 2017 vyakula zaidi ya 200, yakiwemo mayai, maharage, samaki na kidari cha kuku kisicho na ngozi, vikawekwa katika kundi la sifuri. Kila mara mwanachama aliyekwisha kukariri hesabu alilazimika kujifunza upya, na kwa ada. Tena, sifuri ya kwenye kijitabu si sifuri ya mwilini: yai moja lina takriban kalori 70, liwe na pointi au lisiwe nazo.

Je, utafiti unasema nini? Mwaka 2003 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha jaribio la watu 423. Baada ya miaka 2, waliopelekwa Weight Watchers walikuwa wamepungua kilo 2.9 kwa wastani, na wale walioachwa wajisaidie kwa maelezo mafupi ya mtaalamu na maandishi walipungua kilo 0.2 tu. Mwaka 2005 watafiti wa Boston waliwagawa watu 160 katika mipango minne mashuhuri, ukiwemo huo wa pointi. Baada ya mwaka mmoja wastani wa kupungua ulikuwa kati ya kilo 2.1 na 3.3, na jambo lililotofautisha waliofaulu na wasiofaulu halikuwa jina la mpango bali jinsi mtu alivyoushika. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya jaribio la watu 1,267 nchini Uingereza: waliopewa kijitabu tu walipungua kilo 3.3 katika mwaka mmoja, waliohudhuria mpango huo kwa wiki 12 kilo 4.8, na waliohudhuria mwaka mzima kilo 6.8.

Msikilizaji atagundua kwamba hakuna hata moja kati ya majaribio haya lililoshindanisha kanuni ya pointi na hesabu ya kalori peke yake. Waliojiunga na mpango hawakupata pointi tu. Walipata pia kikao, mizani ya kila wiki, na watu waliojua wanachopigania. Tofauti kati ya wiki 12 na mwaka mzima inaonyesha kuwa kinachouzwa kwa jina la pointi ni, kwa sehemu kubwa, kile kile alichokianzisha Jean Nidetch kabla ya pointi kubuniwa: kutokuwa peke yako. Inafaa pia kuona kwamba kilo zenyewe si nyingi. Anayeahidiwa kupoteza kilo 20 kwa miezi 2 anauziwa ndoto.

Sasa hesabu hizi zipelekwe kwenye jiko la Mswahili. Tatizo la kwanza ni majina. Katika orodha nyingi za vitabu na za simu, neno chapati humaanisha mkate mkavu wa Kihindi usiotiwa mafuta mengi. Chapati ya Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi hukandwa kwa mafuta, ikapakwa mafuta, ikakunjwa, kisha ikakaangwa kwa mafuta. Anayeandika neno chapati na kukubali tarakimu ya kwanza anayoletewa anajidanganya bila kukusudia.

Tiba yake ni kupima chunguni, kabla chakula hakijafika mezani. Kilo 1 ya unga wa ngano ina takriban kalori 3,600. Robo lita ya mafuta ya kupikia ina zaidi kidogo ya kalori 2,000. Zikitoka chapati 16, kila moja ina karibu kalori 350, na zaidi ya theluthi ya hizo ni mafuta. Kwa kanuni ya zamani ya pointi, chapati hiyo ni pointi 8. Mpishi akipunguza mafuta kwa nusu, chapati inashuka mpaka kalori 290 hivi, au pointi 6. Daftari zote mbili zinasema jambo moja: kinachoponza ni chupa ya mafuta. Ndivyo ilivyo kwa sukari ya chai. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16. Vijiko 3 katika kila kikombe, kwa vikombe 4 vya siku, ni kalori zaidi ya 190 kabla maziwa hayajatiwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatizo la pili ni sinia. Familia inayokula pamoja kwa mkono haina sahani ya mtu mmoja ya kupimwa, na mgeni anayekataa kuongezwa huonekana amedharau chakula cha mwenyeji. Jioni za Ramadhani, penye sambusa, tambi, kaimati na tende, ndizo ngumu kupita zote. Wanawake wengi huonja kila chungu kabla ya kuketi, na kuonja huko hakuandikwi popote. Wala kusahau huku si kwa Waswahili tu. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachunguza watu waliodai kuwa hawapungui hata wakila kidogo, na wakakuta kuwa kwa wastani walikuwa wakitaja pungufu ya chakula walichokula kwa asilimia 47. Hawakuwa waongo. Walikuwa hawana daftari la kuaminika. Anayekula siniani anaweza kujipakulia sehemu yake mapema, upande wake, na kuishia hapo. Hesabu ya chungu kizima ikishajulikana, kukadiria robo au sita moja yake si kazi ngumu.

Ipo pia tahadhari. Mwili unaopungua hutumia nishati kidogo kuliko ulipokuwa mzito, hivyo punguzo la kalori 500 kwa siku lililoleta matokeo mwezi wa kwanza halitaleta matokeo hayo hayo mwezi wa kumi. Huo si uvivu, ni kawaida ya mwili. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuonana na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mama mjamzito, mtoto, na mtu aliyewahi kuugua maradhi ya kujinyima chakula wasiingie katika hesabu hizi bila uangalizi wa mtaalamu.

Biashara yenyewe ya pointi imetikisika. Dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, ikiwemo semaglutide iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo Marekani mwaka 2021, zimewavuta wengi waliokuwa wateja wa mikutano. Mwaka 2023 Weight Watchers ilinunua huduma ya madaktari wa kuandikia watu dawa hizo kwa njia ya mtandao, na Mei 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, ikabaki hai baada ya kupunguziwa zaidi ya dola bilioni 1 za madeni. Dawa hizo ni ghali, na anayezitumia bado anahitaji kujua ale nini.

Kwa mtu aliyeko ughaibuni mwenye kipato cha wastani, njia iliyo karibu ni hii: kununua mizani ndogo ya jikoni, kuhesabu kalori za vyakula 10 anavyovipika mara nyingi, na kuziandika kwa lugha yake mwenyewe mahali panapoonekana. Kazi hiyo ni ya wiki chache na haina ada. Anayechoshwa na tarakimu na mwenye uwezo wa kulipia anaweza kuchagua pointi, akijua kwamba analipia hukumu ya watu wengine juu ya chakula chake. Na kwa vyovyote atakavyochagua, atafute watu wawili au watatu, awe ni jirani, ndugu au wenzake wa msikitini au kanisani, wakubaliane siku moja katika wiki ya kupima uzito pamoja na kusemezana kweli. Kikao hicho hakihitaji kampuni. Kinahitaji mizani moja na chai isiyo na sukari.