Kawia Ufike: Habari za Virgil van Dijk, Beki wa Uholanzi

Mwenye kijitabu na akifungue mbele yake. Mimi nitasoma polepole, nanyi mfuate mistari kwa kidole. Neno likikushinda, litie alama kwa penseli, kisha endelea.

Leo tutasoma habari za mchezaji wa mpira wa miguu wa nchi ya Uholanzi. Jina lake ni Virgil van Dijk. Tazameni jinsi lilivyoandikwa: v-a-n, halafu D-i-j-k. Waholanzi hulitamka “fan Daik”. Sisi tuna bahati, maana katika Kiswahili twasoma neno kama lilivyoandikwa.

Bwana huyu ni beki wa kati. Husimama mbele ya golikipa, na kazi yake ni kuwazuia mafowadi wa upande wa pili wasifunge. Kazi hii haina shukrani nyingi. Fowadi akikosa mara tisa na kufunga mara moja, watu humbeba mabegani. Beki akizuia mara tisa na kukosa mara moja, watu humlaumu njia nzima mpaka nyumbani.

Virgil alizaliwa tarehe 8 Julai 1991 katika mji wa Breda, kusini ya Uholanzi. Baba yake ni Mholanzi. Mama yake asili yake ni Suriname, nchi ya Amerika ya Kusini iliyotawaliwa na Uholanzi mpaka mwaka 1975.

Tangu utoto alifundishwa mpira katika klabu ya Willem II, iliyo katika mji wa Tilburg, karibu na Breda. Lakini msidhani kwamba kila mtu alimtazama akasema, “Huyu atakuwa mchezaji mkubwa.” La. Alichezeshwa beki ya kulia, wala hakuwa mrefu. Ili apate fedha kidogo, alifanya kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa mmoja mjini kwao. Jioni wenzake walipokuwa wakipumzika, yeye alikuwa jikoni akisugua sahani na masufuria.

Kisha, alipokuwa na miaka 16 au 17, alirefuka ghafula kwa sentimeta 18. Mzazi mwenye kijana wa umri huo anajua gharama ya suruali! Ndipo walimu wake walipomhamishia katikati ya ulinzi. Hata hivyo, wakubwa wa pale hawakuona kwamba angefika mbali.

Mtu mmoja alimwona kwa jicho jingine. Huyu alikuwa Martin Koeman, mchezaji wa zamani, aliyekuwa akiitafutia wachezaji klabu ya Groningen, kaskazini ya nchi. Mwaka 2010 Virgil alihamia huko, na Groningen hawakulipa ada yoyote kumpata. Mwezi wa Mei 1 911? Hapana, soma vizuri tarakimu: Mei 2011. Hapo ndipo alipocheza mara ya kwanza katika timu ya wakubwa.

Sasa tufike mwaka 2012. Virgil alikuwa na miaka 20. Aliugua tumbo vibaya sana. Kidole tumbo kilikuwa kimeharibika, sumu ikaenea tumboni, na figo zikaingiwa na ugonjwa. Waganga walimpasua. Alilala hospitalini huku mipira ya dawa ikiwa imetundikwa mwilini mwake, hawezi kutembea. Hali ilikuwa mbaya hata akatia sahihi wosia, ili akifa, sehemu ya fedha zake apewe mama yake. Kijana wa miaka 20 kuandika wosia! Lakini siku yake ilikuwa haijafika. Alipona, akajifunza kutembea, kisha kukimbia, kisha kucheza.

Wazee wetu husema, “Kawia ufike.” Maana yake ni kwamba afadhali mtu achelewe njiani lakini afike salama. Sikilizeni jinsi mtu huyu alivyokawia.

Mwaka 2013 alinunuliwa na Celtic ya Scotland kwa paundi milioni 2 na laki 6. Alikaa miaka 2, na kila mwaka Celtic walichukua ubingwa wa ligi. Lakini Uholanzi ilipokwenda kwenye Kombe la Dunia la 2014 huko Brazil, yeye hakuchaguliwa. Mwaka 2015 alihamia Southampton ya Uingereza kwa paundi milioni 13. Huko alicheza pamoja na Victor Wanyama wa Kenya. Oktoba ya mwaka huo huo ndipo alipoichezea Uholanzi mara ya kwanza, dhidi ya Kazakhstan. Alikuwa na miaka 24. Katika mpira wa siku hizi, wako vijana wanaoitwa timu za taifa wakiwa na miaka 18.

Januari 2018 alikwenda Liverpool kwa bei iliyotajwa kuwa paundi milioni 75. Hakuna beki yeyote duniani aliyekuwa amenunuliwa kwa fedha nyingi namna hiyo. Kijana ambaye miaka 8 nyuma alihama bila kulipiwa ada, sasa bei yake ilitosha kuanzisha mabishano katika kila baraza la mpira. Mwezi wa Machi mwaka huo akafanywa nahodha wa Uholanzi.

Basi watu waliuliza, beki huyu ana nini? Ni mrefu, kweli. Ana mbio, kweli. Lakini warefu wenye mbio ni wengi. Nitawapa mfano mmoja, nanyi mtaona jibu.

Tarehe 31 Machi 2019 Liverpool walikuwa nyumbani wakicheza na Tottenham. Mabao yalikuwa moja kwa moja, na zilibaki dakika chache tu. Ghafula wachezaji wawili wa Tottenham walichomoka na mpira. Mbele yao alikuwapo van Dijk peke yake, na nyuma yake golikipa. Wawili kwa mmoja! Mwenye mpira alikuwa Moussa Sissoko. Kando yake alikimbia Son Heung-min, mfungaji hodari.

Beki mwenye pupa angemrukia Sissoko. Naye Sissoko angempa Son mpira, na bao lingeingia. Van Dijk hakurukia mpira. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akisimama katikati ya wale wawili, akiifunga njia ya kumpa Son. Alijua Son ni hatari kuliko mwenzake. Alijua pia kwamba Sissoko hutumia zaidi mguu wa kulia. Akangoja mpaka Sissoko hakuwa na la kufanya ila kupiga kwa mguu wa kushoto. Akapiga, na mpira ukapita juu ya goli. Dakika ya 90 Liverpool walipata bao la pili wakashinda.

Waingereza wana desturi ya kusema kwamba beki wa namna hii “anausoma mchezo”, na sisi pia twasema hivyo. Ni kusoma hasa. Ninyi mnaposoma neno, hamwangalii herufi moja tu; mwaona herufi iliyotangulia, mnatazama inayofuata, ndipo mwapata maana. Anayekurupuka akiona “ba-” husema “baba”, kumbe kitabuni imeandikwa “bahari”. Van Dijk aliwatazama watu wawili, miguu yao na nafasi iliyokuwapo, akapata maana kabla ya kutenda.

Juni 1 mwaka huo, mjini Madrid, Liverpool waliwafunga Tottenham hao hao mabao 2 kwa 0, wakachukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Bao la pili lilifungwa na Divock Origi wa Ubelgiji, ambaye baba yake aliichezea Kenya. Mwezi wa Agosti van Dijk akawa beki wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya ya chama cha UEFA. Mwezi wa Desemba, katika tuzo ya Mpira wa Dhahabu, alishika nafasi ya pili, pointi 7 tu nyuma ya Lionel Messi. Mwaka 2020 Liverpool walitwaa ubingwa wa Uingereza baada ya kuungoja miaka 30.

Je, taabu zilikwisha hapo? Hazikwisha. Tarehe 17 Oktoba 2020, katika mchezo na Everton, golikipa wao alimgonga na kano ya goti ikakatika. Alipasuliwa. Hakucheza tena msimu ule, wala hakwenda na Uholanzi katika mashindano ya Ulaya ya 2021. Alirudi uwanjani mwishoni mwa Julai 2021. Desemba 2022, katika Kombe la Dunia nchini Qatar, Uholanzi na Argentina walifika penalti. Nahodha van Dijk alitangulia kupiga, na golikipa akaudaka upande wake. Uholanzi wakatolewa.

Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Mwaka 2023 alifanywa nahodha wa Liverpool. Februari 2024 alifunga kwa kichwa bao pekee la fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Chelsea, dakika ya 118. Mwaka 2025, akiwa na miaka 33, aliongoza Liverpool kuchukua tena ubingwa wa Uingereza.

Ndugu zangu, wako kati yenu wanaoona haya kushika penseli mbele ya wajukuu. Wako wanaoambiwa wamechelewa. Siwaambii kwamba kila anayekawia atafika. Wengi waliosha vyombo pamoja na Virgil, wala hatuyajui majina yao. Nawaambia hili tu: kama angeacha siku aliyoonekana hafai, jambo la kufika lisingekuwapo hata kidogo.

Sasa maneno ya leo. Mwalimu ayaandike ubaoni:

Wosia ni maneno ya mtu juu ya mali yake atakapokufa.
Kano ni mshipa mgumu unaoshikanisha viungo vya mwili.
Nahodha ni mkuu wa chombo cha baharini. Katika mpira ni kiongozi wa wachezaji.

Na maswali. Jibuni kwa maandishi:

1. Virgil alifanya kazi gani mjini Breda alipokuwa kijana?
2. Kwa nini aliandika wosia mwaka 2012?
3. Kwa nini hakumrukia Sissoko?
4. Andika mistari mitatu juu ya jambo ulilochelewa kulianza.

Swali la nne halina jibu moja. Someaneni majibu yenu darasani. Kwaherini, mpaka somo lijalo.